Wito mmoja, mifuko mingi: nani hasa hulipia utafiti wa pamoja Ulaya?

Swali la msomaji: "Mimi ni mhadhiri wa sayansi ya udongo na maji, Morogoro. Profesa mmoja wa Uhispania tuliyekutana kwenye mafunzo amenialika niingie kwenye andiko la mradi linalopelekwa kwenye wito wa pamoja wa nchi za Ulaya kuhusu maji. Nilifurahi, nikijua Umoja wa Ulaya ndio mlipaji. Nilipousoma wito wenyewe nikakuta kila mshirika anatakiwa kuomba fedha kwa mfadhili wa nchi yake, na Tanzania haimo kwenye orodha. Profesa anasema niingie kwa gharama zangu mwenyewe. Sijaelewa. Fedha hizi ni za Ulaya au si za Ulaya? Nani huamua nani apate? Na je, nikubali?"

Mwalimu, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu lina tarehe. Usitie saini leo, wala usikatae. Jibu linategemea jambo ambalo wito wenyewe, yaani tangazo la kuomba maandiko ya miradi, hulificha mbali, kwenye viambatisho vya kila nchi: hela itakayolipia kazi yako inatoka mfuko wa nani, na mfuko huo unafuata sheria ya nani.

Nimekaa miaka mingi nikiwasaidia watafiti wa kwetu kuandika maandiko ya namna hii na kupitia mikataba yake, na hilo lililokukuta wewe ndilo ninalokutana nalo mara nyingi zaidi. Tukisikia "Ulaya" tunaona kapu moja, limewekwa Brussels, na ufunguo anao mtu mmoja. Hakuna kapu hilo. Sehemu kubwa mno ya fedha za umma zinazolipia utafiti barani Ulaya hutoka kwenye bajeti za nchi zenyewe, kupitia taasisi kama ANR ya Ufaransa, DFG ya Ujerumani, NWO ya Uholanzi na AEI ya Uhispania. Brussels nayo ina mpango wake. Wa sasa unaitwa Horizon Europe, ulioanza 2021 na utakaokwisha 2027, na ulipoanza ulitengewa takriban euro bilioni 95.5. Ni fedha nyingi sana kwa macho yetu, lakini ukiziweka kando ya zile ambazo mataifa yenyewe hutumia, ni ndogo.

Hapo ndipo tatizo la Ulaya lilipoanzia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nyingi zilikuwa zinalipia utafiti uleule, kila moja kivyake. Wataalamu wa mito wa nchi moja walikuwa hawajui kuwa jirani yao anapima mto huohuo, kilomita chache chini ya mpaka. Mwaka 2000 viongozi wakakubaliana kujenga eneo moja la utafiti la Ulaya, na kuanzia 2002 Tume ya Ulaya ikaanza kulipia mitandao iliyoitwa ERA-NET. Mwanzoni Tume haikulipia utafiti wenyewe. Ililipia mikutano: wafadhili wa mataifa wakae meza moja, wajuane, wapange mada pamoja, watangaze wito pamoja. Baadaye tu ndipo ikaanza kuongeza chake juu ya fedha za mataifa. Chini ya Horizon 2020, mpango wa 2014 hadi 2020, nyongeza hiyo ilikuwa asilimia 33.

Neno letu "ubia" linaeleza jambo hili vizuri kuliko maelezo mengi ninayoyasoma huko. Watu wanaokula bia, yaani kwa kuchangiana, kila mmoja huja na chake: huyu mchele, yule samaki, mwingine nazi. Chungu ni kimoja. Lakini kwenye miito mingi ya pamoja ya Ulaya, aliyeleta mchele anataka mchele wake uliwe na watoto wake tu, na aliyeleta samaki vilevile. Chungu ni kimoja kwa jina. Wao wenyewe hukiita mfuko wa pamoja usio halisi, na wala hawaoni aibu kwa jina hilo, kwa sababu ndivyo ulivyo: Uhispania humlipa Mhispania, Ufaransa humlipa Mfaransa, na fedha hazivuki mpaka.

Kwa nini wasichanganye kabisa? Wapo waliojaribu, na ipo miito michache yenye mfuko halisi ambamo nchi hutia fedha kisha mradi bora hulipwa popote ulipo. Lakini wafadhili wengi wa mataifa wamefungwa na sheria za nchi zao kuhusu matumizi ya fedha za umma. Bunge lao limewapa fedha za kuwalipa watafiti wa nyumbani, na mkaguzi wa hesabu akikuta euro imelipwa chuo cha nchi nyingine, kuna mtu wa kujieleza. Tena kila waziri anataka nchi yake irudishiwe angalau ilichotoa. Usiwahukumu haraka. Mbunge wetu naye angeuliza swali hilohilo.

Sasa angalia mpangilio huo unavyofanya kazi siku ya kuchagua, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huumia bila kujua wameumizwa na nini. Chukua mfano niliotunga mwenyewe. Wito una nchi tano. Ufaransa imeweka euro milioni 1.5, Uhispania na Uholanzi milioni moja moja, Ugiriki laki nane, na Ureno laki nne. Kila mshirika huomba wastani wa laki mbili, kwa hiyo Ureno ina uwezo wa kulipia Wareno wawili tu. Jopo la wataalamu linasoma maandiko 40 na kuyapanga kwa ubora. La kwanza lina Mreno ndani yake, na la tatu lina Mreno. Fedha za Ureno zimekwisha. La nne, ambalo jopo zima limelisifu, nalo lina Mreno. Haliwezi kulipwa, kwa sababu mguu mmoja hauna kiatu. Wafadhili wanateremka kwenye orodha hadi wapate mradi usiohitaji Mreno, labda wa tisa. Wa nne anabaki nje, wa tisa anaingia, na hakuna aliyevunja kanuni.

Nyongeza ya Tume ya Ulaya ilibuniwa kuziba pengo kama hilo. Wafadhili wakikaa baada ya jopo kumaliza, huangalia nchi gani imeishiwa mapema, wakatumia sehemu ya fedha za Brussels kumlipia Mreno wa andiko la nne. Au Ureno hupiga simu nyumbani kuomba iongezewe. Ndiyo maana nikisoma wito wowote, kabla hata ya mada, nafungua jedwali la ahadi: kila nchi imeweka kiasi gani na inakadiria kulipia miradi mingapi. Mratibu mzoefu hachagui washirika kwa sifa zao za kisayansi peke yake. Huangalia pia nchi zao zimeweka nini mezani. Si haki sana kwa mtafiti hodari wa nchi yenye mfuko mdogo, na nasema hivyo waziwazi, lakini ndiyo hali.

Sheria za mifuko hiyo nazo hazifanani. ANR ya Ufaransa hailipi mishahara ya watafiti ambao tayari ni waajiriwa wa kudumu wa serikali; inalipia vijana wa mkataba, vifaa na safari. AEI ya Uhispania nayo haigusi mshahara wa mtafiti wa kudumu, na humtaka kiongozi wa timu awe na ajira inayofika mwisho wa mradi. Wizara ya utafiti ya Ujerumani, hata baada ya jopo la kimataifa kukuchagua, humtaka Mjerumani wako aandike ombi jingine kamili la kitaifa. Na kwenye miito mingi mshirika mmoja akikosa sifa kwa mujibu wa kanuni za nchi yake, andiko zima huanguka, hata kama mratibu hana kosa lolote. Nimewahi kuona andiko la miezi minne likitupwa kwa sababu taasisi moja ndogo ilikuwa imesajiliwa kama kampuni, na mfadhili wake hakuwa akilipa kampuni.

Mpaka hapa nimekueleza wito wa pamoja. Lakini huo ni mlango mmoja tu, na ukiufahamu peke yake utapotea kwenye jengo. Sheria ya Horizon Europe, iliyopitishwa Aprili 2021, imegawa ubia wa Ulaya katika sura tatu. Ya kwanza ni nyepesi: Tume na upande wa pili, mara nyingi jumuiya ya viwanda, hutiana saini hati ya makubaliano kisha kila mmoja hutumia fedha zake kwa njia zake, wakilenga mambo yaliyokubaliwa. Mtafiti wa nje hukutana na ubia huo kama wito wa kawaida wa Horizon na huenda asijue kuwa upo.

Sura ya pili ndiyo mrithi wa ERA-NET, na nadhani ndiyo iliyokufikia wewe. Wafadhili wa mataifa hujiunga, hutengeneza mpango wa miaka kadhaa, na Tume huongezea kwa kawaida asilimia 30, ambayo kwa sababu maalumu huweza kupanda. PARC, ubia wa kupima hatari za kemikali unaoratibiwa na wakala wa Ufaransa uitwao ANSES, ulianza 2022 ukiwa na bajeti ya takriban euro milioni 400, nusu yake ya Umoja wa Ulaya. Biodiversa+ unashughulikia bayoanuwai. Water4All, unaoratibiwa na ANR na ulioanza 2022, unashughulikia maji.

Sura ya tatu ni nzito, kwani inahitaji sheria yake maalumu. Mkataba wa Utendaji wa Umoja wa Ulaya una vifungu viwili. Kifungu cha 185 kinauruhusu Umoja kuingia kwenye programu iliyoanzishwa na nchi kadhaa wanachama. Kifungu cha 187 kinauruhusu kuunda chombo kipya kabisa, chenye bodi, mkurugenzi, wafanyakazi na akaunti zake, kinachokaguliwa na Mahakama ya Wakaguzi ya Ulaya na kutolewa maelezo mbele ya Bunge la Ulaya. Novemba 2021 sheria moja iliunda vyombo tisa vya namna hiyo kwa mpigo: ndege zisizochafua, hidrojeni, reli, dawa na vinginevyo. Kwenye vingi vyake wabia ni kampuni, na mchango wao huwa zaidi wa watu, maabara na vifaa kuliko fedha taslimu.

Mfano mmoja uko karibu na taaluma yako, na unafundisha. PRIMA ni ubia wa Kifungu cha 185 kuhusu maji na chakula katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati. Makao yake ni Barcelona, ulianza 2018, na wamo Moroko, Tunisia, Algeria na Misri pamoja na nchi za Ulaya. Kila mwaka hutangaza miito ya aina mbili. Aina ya kwanza hulipwa na fedha za Umoja wa Ulaya, na taasisi ya PRIMA yenyewe hutia saini mkataba na washirika wote. Aina ya pili hulipwa na nchi, kila moja na watu wake, kama nilivyoeleza. Jina ni lilelile, mada zinafanana, tovuti ni moja, lakini mlipaji ni tofauti kabisa. Mtafiti wa Tunis asiyesoma ukurasa wa pili anaweza kuandika bajeti nzima kwa kanuni zisizo zake.

Ubia wa namna hii unaotuhusu sisi moja kwa moja ni EDCTP, na hapa naomba uvumilivu wako, maana ndipo utaona mpangilio ukibadilisha maisha ya watu. Ulianzishwa 2003 ili nchi za Ulaya na za Afrika Kusini mwa Sahara zifanye kwa pamoja majaribio ya dawa na chanjo za UKIMWI, malaria na kifua kikuu. Ulikuwa ubia wa kwanza wa kutumia kifungu ambacho leo ni cha 185, wakati huo kikiitwa 169. Awamu ya pili ilianza 2014. Umoja wa Ulaya uliahidi hadi euro milioni 683, na nchi shiriki zilitakiwa kulinganisha. Kikubwa zaidi ni kuwa nchi za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo, ziliingia kwenye chama kinachouendesha ubia huo kama wanachama wenye kauli. Hawakuwa wageni waalikwa tena.

Ila ulikuwa na udhaifu uliokuwa ukinisumbua. Nchi za Ulaya ziliruhusiwa kuhesabu kama mchango wao programu walizokuwa wakizilipia nyumbani, ilimradi zinafanana na malengo ya ubia. Kwenye makaratasi milioni zinalingana. Kwenye maabara ya Mbeya au Entebbe, mchango wa namna hiyo hauonekani kama fedha taslimu zinavyoonekana. Si udanganyifu, sheria iliruhusu. Lakini anayetaka kujua ubia una nguvu kiasi gani, asiridhike na jumla iliyoandikwa kwenye jalada. Aulize ni kiasi gani kimeingia kwenye mfuko wa pamoja, na kiasi gani kimehesabiwa tu.

Awamu ya tatu ikahamishiwa Kifungu cha 187. Sheria ile ya Novemba 2021 iliunda chombo kiitwacho Global Health EDCTP3, makao yake Brussels, wanachama wake wakiwa Umoja wa Ulaya na Chama cha EDCTP chenye nchi za Ulaya na Afrika. Umoja uliahidi hadi euro milioni 800, na wengine walinganishe, huku mlango ukiachwa wazi kwa mashirika ya hisani na kampuni kuchangia. Kwa mtafiti wa Moshi tofauti inagusa mkono. Fedha zinatoka mfuko mmoja, kwa kanuni za Horizon Europe. Taasisi isiyo ya faida hulipwa gharama zake halali zote za moja kwa moja, na juu yake asilimia 25 kwa gharama za uendeshaji wa taasisi. Hakuna anayeuliza Tanzania imeweka kiasi gani kwenye wito huo ndipo Mtanzania alipwe.

Matunda yapo. Mtandao wa PanACEA, ambamo vituo vyetu vya Mbeya, Moshi na Bagamoyo vimo, ulifanya Tanzania na Afrika Kusini jaribio la dawa za kifua kikuu lililochapishwa 2017, likaonyesha kuwa dozi kubwa ya rifampisini husafisha makohozi mapema zaidi. Dawa ya kichocho kwa watoto wa chini ya umri wa shule, iliyojaribiwa Kenya na Côte d'Ivoire, ilipata maoni ya kuikubali kutoka mamlaka ya dawa ya Ulaya Desemba 2023. Dawa ya malaria ya watoto wachanga wenye uzito chini ya kilo tano iliidhinishwa Uswisi Julai 2025, na mamlaka za Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa miongoni mwa nane za Afrika zilizoshiriki kuitathmini. Zote tatu zimepita kwenye fedha za EDCTP. Kabla ya hapo mama mwenye kichanga mwenye malaria alikuwa akipewa kipande cha kidonge kilichokusudiwa mtoto mkubwa. Nikikumbuka hilo, sioni viambatisho vya kisheria kuwa kazi kavu.

Nirudi kwenye maji yako. Utekelezaji wa wito wa pamoja una safari ndefu kuliko watu wanavyodhani. Mfadhili mmoja huteuliwa kuwa sekretarieti. Washirika hutuma andiko fupi, na kila mfadhili hukagua kama watu wake wana sifa. Waliopita huandika andiko kamili, ambalo husomwa na wataalamu wa nchi mbalimbali, kisha jopo hukaa na kupanga orodha. Wafadhili hukutana, hufanya ile hesabu ya Ureno niliyokueleza, hutangaza. Kisha, na hapa wengi hushangaa, hakuna mkataba mmoja wa fedha za mradi. Kila mshirika hurudi kwa mfadhili wake kutia saini mkataba wake, kwa lugha na kasi ya nchi hiyo. Mwaka mzima au mwaka na nusu kupita kati ya tangazo na kazi ya kwanza si ajabu. Ripoti nazo ni mbili: moja kwa sekretarieti, nyingine kwa mfadhili wako.

Mikataba hiyo isipokwenda pamoja, uwanjani inauma. Nimefuatilia mradi mmoja wa vyanzo vya maji ambamo mshirika wa kaskazini alianza Januari, wa kusini mwa Ulaya akapata saini Septemba. Katikati yake masika yalikuja na kupita. Sampuli zilizotakiwa kuchukuliwa mito ikiwa imejaa zilikosekana, na mwaka mmoja wa takwimu ukaenda hivyo. Kwa mtu wa udongo na maji kama wewe, kalenda ya mvua lazima iandikwe ndani ya andiko, pamoja na maelezo ya nani ataanza hata kama mwenzake bado.

Sasa "gharama zako mwenyewe". Kwenye miito hii yupo mshirika anayejigharimia, na sheria humtambua. Kwa kawaida hahesabiwi kwenye idadi ya chini ya washirika, hawezi kuwa mratibu, na taasisi yake hutakiwa kuandika barua kwamba fedha ipo. Hiyo barua ni ahadi. Mkuu wako wa chuo akiisaini, sekretarieti itaamini kuwa Morogoro imeshatenga fedha za gari, posho za wasaidizi, kemikali na kibali cha utafiti cha COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia. Kama hazijatengwa, wewe ndiye utakayezitafuta mfukoni mwako. Nimeona vijana wazuri wakikusanya takwimu kwa mshahara wao wa uhadhiri, kisha majina yao yakakaa mwishoni mwa makala. Sikubaliani na hilo, na sitaki likupate.

Lakini kuna njia za halali ambazo pengine profesa wako hajazifikiria. Baadhi ya wafadhili wa mataifa huruhusu mshirika wao aweke kwenye bajeti yake kazi zinazofanyika nje ya nchi, iwe kwa mkataba mdogo wa huduma, iwe kwa kulipia kazi za uwandani. DFG ya Ujerumani, kwa mfano, ina utaratibu wa muda mrefu wa kumruhusu mwombaji wa Ujerumani kuombea gharama za mwenzake wa nchi inayoendelea. Kwa hiyo kama kwenye timu yenu yumo Mjerumani au Mholanzi, muulizeni mfadhili wake kwa maandishi kabla ya andiko fupi kutumwa. Mtu wa mawasiliano wa kila nchi ameandikwa kwenye wito, na kazi yake ni kujibu maswali hayohayo.

Angalia pia tulivyofungiwa mlango huu. Afrika Kusini, kupitia tume yake ya utafiti wa maji, imekuwa ikiingia kwenye miito ya maji ya Ulaya kama mfadhili, na watafiti wake hulipwa na tume yao bila kumbembeleza mtu. Kwenye LEAP-AGRI, mtandao wa ERA-NET wa kilimo na lishe kati ya Afrika na Ulaya ulioanza 2016, Kenya na Uganda zilikuwa mezani. Fedha zilizowekwa na nchi za Kiafrika hazikuwa nyingi, ila zilitosha kuwapa watafiti wao kiti. Natamani sana Tanzania nayo iweke kiasi, hata kidogo, kwenye ubia wa maji. Mtafiti mmoja hawezi kuufungua mlango huo. Hufunguliwa na mfadhili wa nchi yake.

Mlango uliokwisha kufunguka ni Horizon Europe yenyewe, nje ya ubia. Sheria inasema sehemu kubwa ya bajeti ya nguzo yake ya pili, ile ya changamoto za dunia, itumike nje ya ubia. Taasisi za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zina haki ya kulipwa huko moja kwa moja, isipokuwa wito ukisema vinginevyo. Ipo hata miito ya chakula, kilimo na mazingira inayotaka washirika wa Afrika wawemo. Tume imeshapendekeza mpango unaofuata, wa 2028 hadi 2034, wenye euro bilioni 175, na mjadala wa kupunguza na kurahisisha aina za ubia unaendelea. Sura tatu nilizokutajia huenda zikabadilika, lakini mikataba ya sasa itaendelea kwa kanuni za sasa.

Basi mwandikie profesa wiki hii, kwa upole, mambo matatu. Muulize kama mfadhili yeyote kati ya wenzake anaruhusu gharama za uwandani Tanzania, na umwombe akuonyeshe mstari wa kiambatisho unaosema hivyo. Umwambie kuwa umiliki wa takwimu, usafirishaji wa sampuli na nafasi za waandishi lazima vikae kwenye mkataba wa washirika kabla ya kazi kuanza. Na umwambie waziwazi gharama ya msimu mmoja wa sampuli kwenye bonde lako: dizeli, posho, maabara, kibali. Wengi wao hawajawahi kuiona hesabu hiyo. Wakiiona, baadhi hupata njia.

Akikujibu kuwa fedha haipo kabisa, mwombe akuandike kwenye andiko kama mshauri asiye na majukumu ya uwandani, au mkubaliane msubiri wito wa Horizon mtakaouandika pamoja kuanzia mwanzo, wewe ukiwa na bajeti yako. Wakati huohuo nenda ofisi ya utafiti ya chuo ukaulize namba ya usajili ya taasisi kwenye tovuti ya fedha ya Umoja wa Ulaya, yenye tarakimu tisa. Vyuo vyetu vingi wanayo, imekaa kwenye barua pepe ya mtu aliyekwisha kustaafu.

Na kiambatisho cha Uhispania ukikipata, kisome sehemu inayohusu gharama zinazokubalika kabla ya sehemu nyingine yoyote. Ikitaja kazi zinazofanyika nje ya Uhispania, bila kuzikataza, jibu la profesa wako linaweza kubadilika kabla ya tarehe ya andiko fupi.